Beringi Ndogo kwa Mashine Zenye Nafasi Finyu

(Hotuba ya Mhandisi wa Mitambo wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kumi)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halifanani na sherehe. Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya bei, mikopo na vitalu vya miche, mambo ambayo kila mtu humu ndani anayajua kwa kuwa yamo mfukoni mwake. Mimi nimepewa beringi. Lakini beringi nayo imo mfukoni mwa mkulima, ila haionekani mpaka siku inapokufa.

Mashine ya kumenyea kahawa ikisimama saa nane mchana katikati ya msimu, kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi haingoji. Yapasa kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya magunia huanza kupata moto na kuchacha, na kahawa iliyochacha hushuka daraja hata kama ilitunzwa vema tangu shambani. Palizi, dawa, mbolea na jasho la mwaka mzima hupotea kwa ajili ya kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kwa hiyo siombi radhi kwa kuzungumza juu ya kitu kidogo.

Jambo lenyewe lililo mbele ya Kamati ni hili. Baadhi ya vyama vyetu vya msingi vilinunua mashine ndogo za kisasa ambazo humenya kahawa na kuondoa ute wake papo hapo, zote mbili ndani ya fremu moja. Mashine za namna hii zimetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Kolombia, Cenicafé, katika miaka ya 1990, na faida yake kubwa ni kupunguza maji. Tumezifurahia. Lakini kuviweka vitu vingi mahali pamoja kuna gharama yake: nafasi ya kukaa beringi ni finyu, na mafundi wetu wamekuta shafti ikikatika zaidi ya mara moja mahali pale pale, penye shingo inapoingia katika beringi. Wametoa mashauri matatu, nayo hayapatani. Kwa kuwa fedha ni za wanachama, ni haki wanachama waelewe kinachobishaniwa.

Kwanza tujue beringi ni nini. Kila mwenye baiskeli anaijua. Ukilegeza nati ya gurudumu hukutana na gololi zilizopangwa katika kikombe, zimezungukwa na grisi. Gololi hazisuguani na chuma kama buti linavyosugua sakafu, bali hubingirika, na kwa hiyo gurudumu huzunguka kwa nguvu ndogo. Si ajabu kwamba baiskeli ndiyo iliyoifikisha beringi kwa watu wengi. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hataza ya beringi za gololi kwa ajili ya baiskeli, na mwaka ule ule James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Rouen kwa kutumia baiskeli yenye beringi hizo. Kabla yake, Philip Vaughan wa Carmarthen huko Wales alikuwa amekwisha kupewa hataza mwaka 1794 kwa gololi katika ekseli ya gari la farasi. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni gololi zenyewe zilizo duara kamili na zenye kipimo kimoja. Hilo lilipatikana huko Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1883, Friedrich Fischer alipotengeneza mashine ya kusagia gololi za chuma kwa wingi.

Kuna mtu mwingine ambaye ningependa wakulima wamjue, kwa maana aliyafanyia kazi matatizo yanayofanana na yetu. Sven Wingquist alikuwa mhandisi katika kiwanda cha nguo huko Göteborg, Uswidi. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, ardhi ikawa inatembea, na shafti ndefu zilizokuwa zikiendesha mitambo zikapinda kidogo kidogo, zikazila beringi. Hakuweza kuihamisha ardhi. Akabuni beringi yenye safu mbili za gololi ambayo pete yake ya nje inakubali shafti iegemee upande bila kuumia, na mwaka 1907 ikaanzishwa kampuni ya SKF kwa ajili ya kuitengeneza. Nimemtaja kwa sababu moja: alichunguza kwanza ni nini kilichokuwa kikiiua beringi, ndipo akachagua beringi. Sisi aghalabu twafanya kinyume. Twakwenda dukani na kipande kilichokufa, twasema, “Nipe kama hii.”

Beringi tunayoitumia zaidi ina pete ya ndani inayobana shafti, pete ya nje inayokaa katika tundu la chuma ambalo nitaliita kiti, gololi katikati, na kizimba chembamba kinachozitenga gololi zisigongane. Imeandikwa namba ubavuni. Namba hiyo si urembo, na mwenye kuisoma hadanganywi kwa urahisi. Tuchukue 6204. Tarakimu ya 6 yasema ni beringi ya safu moja ya gololi zenye kukaa katika mfereji wa kina. Tarakimu ya 2 yaeleza unene wa mwili wake. Tarakimu mbili za mwisho, 04, zidishe kwa 5 upate 20, ndiyo milimita za tundu la shafti. Hesabu hiyo ya kuzidisha kwa 5 huanzia 04. Chini yake, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Vipimo hivi vimekubaliwa na mataifa, hata beringi iliyotengenezwa Japani huingia katika kiti kilichochongwa Italia.

Sasa, kwa shafti hiyo hiyo ya milimita 20 mtengenezaji anaweza kukuuzia miili kadhaa. Ile 6304 ni mnene: milimita 52 kwa nje, upana 15. Ile 6204 ni 47 kwa 14. Ile 6004 ni 42 kwa 12. Na ile nyembamba sana, 61804, ni 32 kwa 7 tu, karibu kama pete ya ufunguo. Wengine huiandika 6804, bila ile tarakimu ya 1. Mwenye ghala asishangae. Mtu mwenye mashine finyu huiona hii ya mwisho akafurahi. Lakini gololi za beringi nyembamba ni ndogo, na gololi ndogo hubeba mzigo mdogo. Ule uwezo wa kubeba uliochapwa katika orodha za watengenezaji hupimwa kwa kilonyutoni, na kwa bahati njema kilonyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa gunia la kilo 100. Basi tuseme magunia. Beringi 6304 ina uwezo wa magunia karibu 17. Beringi 6204 ina 13 na nusu, 6004 ina karibu 10, na 61804 ina 4. Orodha za viwanda mbalimbali hutofautiana kidogo, lakini si kwa kiasi cha kubadili hoja.

Msidhani maana yake ni kwamba 61804 inafaa kubeba magunia 4. Uwezo huo ni mzigo ambao beringi ingeuhimili kwa mizunguko milioni moja tu, na mota ya kawaida ya umeme inayozunguka mara 1,450 kwa dakika humaliza milioni hiyo kwa muda usiotimia saa 12. Maisha halisi yanapatikana kwa kanuni iliyotolewa na Waswidi wawili, Lundberg na Palmgren, mwaka 1947, nayo bado ni msingi wa hesabu hizi. Gawa uwezo wa beringi kwa mzigo unaobebwa, kisha jibu lijizidishe lenyewe mara tatu. Hapo umepata mamilioni ya mizunguko ambayo beringi 90 katika kila 100 zitaifikia au kuipita.

Huko kujizidisha mara tatu ndiko kwenye siri yote. Ukiongeza mzigo mara mbili, maisha hayapungui nusu. Yanabaki sehemu moja ya nane. Fundi anayekaza mkanda wa mashine kwa nguvu zake zote, akijisifu kwamba hautateleza, anakata maisha ya beringi bila kujua.

Sasa turudi katika mashine yetu. Kiti chake kimechongwa milimita 47 ndani ya kuta za fremu, na hakuna chuma cha kutosha kukipanua. Beringi iliyomo ni 6204 na shafti ni ya milimita 20. Shafti inakatika. Fundi wa kwanza asema turudishe shafti ile ile kwa chuma kigumu zaidi. Fundi wa pili asema shafti iwe nene iwezekanavyo: milimita 30, kwa beringi 61906, ambayo ni 30 kwa ndani, 47 kwa nje, na upana 9. Fundi wa tatu asema milimita 25, kwa beringi 6005, ambayo ni 25 kwa ndani, 47 kwa nje, na upana 12. Beringi zote tatu zaingia katika kiti kimoja. Kwa macho zinalingana, na mfanyabiashara atakuuzia yoyote.

Fundi wa pili ana hoja yenye nguvu. Uwezo wa shafti kuhimili kupindwa hukua kwa unene uliojizidisha mara tatu. Shafti ya 25 ina nguvu karibu mara mbili ya shafti ya 20, na ile ya 30 ina nguvu zaidi ya mara tatu. Nani asiyetaka mara tatu? Lakini kila milimita tunayoipa shafti tunaipokonya beringi, kwa kuwa ukuta wa nje hausogei. Uwezo wa 6204 ni magunia 13 na nusu. Wa 6005 ni karibu 12. Wa 61906 ni 7 na robo hivi.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mzigo juu ya beringi, pamoja na mvuto wa mkanda, ni gunia moja na nusu, na mashine inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Tuseme pia msimu wetu ni siku 90 za saa 10, yaani saa 900. Kwa 6204 jibu ni zaidi ya saa 8,300, ambazo ni misimu tisa. Kwa 6005 ni kama saa 5,700, yaani misimu sita. Kwa 61906 ni kama saa 1,300, msimu mmoja na nusu usiotimia. Kwa hiyo fundi wa pili angetupa shafti isiyokatika na beringi inayokufa katikati ya msimu wa pili. Angeuhamisha ugonjwa kutoka mguu hadi goti.

Najua wapo watakaosema, kwa nini tusiingize beringi za vijiti badala ya gololi? Ni swali zuri. Beringi ya vijiti vyembamba kama sindano inaweza kuwa na milimita 26 tu kwa nje juu ya shafti ya 20 na bado ibebe mzigo unaokaribia wa 6204, kwa sababu kijiti hugusa kwa urefu wake wote na gololi hugusa kwa nukta. Katika mashine nyingi zenye nafasi finyu, hasa ndani ya giaboksi, hilo ndilo jibu. Lakini vijiti hivyo havizuii shafti kusogea mbele na nyuma, havivumilii shafti iliyoegemea upande, na mara nyingi hubingirika moja kwa moja juu ya shafti, ambayo lazima iwe imechomwa na kupozwa hata ikawa ngumu kama patasi, kisha ikasuguliwa ikang'aa. Karakana yetu haina tanuru ya kazi hiyo. Siku tutakapokuwa nayo, nitakuwa wa kwanza kuzungumza juu ya vijiti.

Ama shauri la fundi wa kwanza, la chuma kigumu zaidi, tulitazame kwa kuutazama mkato wenyewe. Nimeziweka shafti zilizokatika chini ya taa. Uso wa mkato una mistari iliyopinda kama ile ya juu ya kombe la chaza, ikianzia ukingoni na kuenea ndani, na mwisho sehemu ndogo iliyo chakavu. Mistari hiyo ni dalili ya uchovu wa chuma: ufa ulianza kidogo, ukawa unakua kwa kila maelfu ya mizunguko, mpaka chuma kilichobaki kisitoshe. Na ulianzia wapi? Katika pembe, pale shafti inapobadilika kutoka nyembamba kuwa nene ili beringi ipate bega la kuegemea. Pembe ilichongwa kali kama ya meza. Penye pembe kali ndipo nguvu za kupinda hujikusanya, na chuma kigumu zaidi chenye pembe ile ile hakipati nafuu inayolingana na bei yake.

Dawa ni kuilainisha pembe iwe na mviringo. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami wanapochagua beringi nyembamba. Mviringo wa shafti lazima uwe mdogo kuliko ule uliochongwa katika ukingo wa pete ya ndani, ama sivyo beringi haitakaa sawasawa begani. Beringi 6204 inakubali mviringo wa milimita 1. Ile 6005 inakubali milimita 0.6. Ile 61906 inakubali milimita 0.3 tu, ambayo ni karibu sawa na pembe kali. Maana yake, sehemu ya nguvu ambayo fundi wa pili aliipata kwa kunenepesha shafti inapotea tena pale pale penye pembe.

Kwa hiyo shauri langu kwa Kamati ni la fundi wa tatu, pamoja na masharti. Shingo ya shafti iwe milimita 25, beringi iwe 6005, na pembe ichongwe kwa mviringo wa 0.6 uliopimwa kwa kipimo, si kwa kukadiria. Kwa kuwa 6005 ina upana wa 12 na kiti kilichongwa kwa upana wa 14, itawekwa pete ya chuma ya milimita 2 kujaza pengo, iliyonyooka pande zote mbili. Na mkanda ukazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Sharti hili la mwisho halina gharama yoyote, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi kwamba halitafuatwa. Mkanda ukikazwa hadi mzigo ukawa magunia matatu, 6005 hiyo hiyo itaishi saa kama 700, na hatutaumaliza msimu.

Niseme sasa juu ya usahihi, kwa maana wauzaji wamegundua kwamba neno hilo linauza. Beringi hutengenezwa kwa madaraja ya usahihi. La kawaida halina alama. Kisha P6, P5, P4 na P2, kila moja likiwa sahihi zaidi na ghali zaidi. Katika beringi ya tundu la milimita 20, pete ya ndani ya daraja la kawaida inaruhusiwa kuyumba hadi maikroni 13 inapozunguka, ya P6 hadi 8, ya P5 hadi 4, na ya P4 hadi 3. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu huwa na kama 70. Je, kinu cha kusaga mahindi kinahitaji maikroni 4? Hata kidogo. Atakayeinunulia P5 mashine ya mahindi ametupa fedha za wanachama katika pumba.

Lakini mashine ya kutenganisha krimu na maziwa, iliyobuniwa kwa mfumo wa kuzunguka mfululizo na Gustaf de Laval wa Uswidi mwaka 1878, ni habari nyingine. Bakuli lake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika katika nafasi ndogo, na beringi yake ya juu hushikwa na springi ili bakuli lijitafutie kitovu chake. Hapo beringi ya kubahatisha hutetemesha mashine nzima, krimu ikatoka nyepesi, na bakuli zito lenye mwendo ule si kitu cha kuchezea karibu na watu. Kwa hiyo wenzetu wa vyama vya maziwa wasibadili daraja lililoandikwa katika kitabu cha mashine, hata kama muuzaji ataapa kwamba “ni ile ile.”

Na usahihi wa beringi hauna kazi ikiwa kiti chenyewe si sahihi. Hili lahusu beringi nyembamba kuliko zote. Pete nene ina ubavu wake. Ukiiweka katika kiti kilichokuwa yai kidogo, hujikaza. Pete nyembamba hufuata umbo la kiti. Kiti kikiwa yai, beringi huwa yai, na gololi hupita mahali pa kubana mara mbili katika kila mzunguko. Kwa kiti cha milimita 47 kipimo cha kawaida ni kwamba tundu lisizidi 47 kwa zaidi ya maikroni 25, na lisipungue hata kidogo. Shafti nayo iwe imezidi tundu la beringi kwa maikroni chache, kati ya 2 na 11 kwa mzigo wa kawaida, ili pete ya ndani isiteleze. Vipimo hivi havionekani kwa macho wala havisikiki kwa ukucha. Vyataka maikromita, na karakana inazo mbili. Tatizo ni kwamba moja ilitumika kama klampu.

Kuna desturi ninayoikuta kila mahali. Shafti ikiisha, fundi huichoma nukta nukta kwa panchi na nyundo ili ivimbe, kisha huipigilia beringi juu yake. Beringi hushika siku ile, na mwenye mashine hulipa na kushukuru. Lakini imekaa juu ya vilele vya nukta, si juu ya shafti, na vilele huliwa kwa muda mfupi. Kwa beringi nyembamba desturi hiyo ni kuiua siku ya kuzaliwa. Hali kadhalika kupigilia kwa nyundo juu ya pete ya nje wakati pete ya ndani ndiyo inayobana: kila pigo hupitia katika gololi na kuacha alama ndogo mferejini, na beringi huanza kulia kabla ya wiki kwisha. Isukumwe kwa bomba linalogusa pete ile inayobana, hiyo tu. Fundi asiye na bomba akate kipande cha bomba la maji, haligharimu kitu.

Juu ya grisi nitapita haraka. Nafasi tupu ya ndani ijazwe theluthi moja hadi nusu. Beringi iliyoshindiliwa grisi hupata moto kwa kuikoroga. Zile zenye alama 2RS zimefungwa kwa mpira pande zote mbili, zina grisi yake tayari, na ndizo zinazofaa mashine ya kahawa iliyo katika maji na ute, na kinu chenye vumbi la unga. Zenye alama ZZ au 2Z zimefunikwa kwa bati lisilogusa pete ya ndani. Hukimbia haraka zaidi lakini maji huingia. Alama ya C3 nayo isipuuzwe: yamaanisha kwamba nafasi kati ya gololi na pete ni kubwa kidogo, kwa ajili ya mashine zinazopata moto. Katika tundu la milimita 20, nafasi ya kawaida ni kati ya maikroni 5 na 20, na ya C3 ni kati ya 13 na 28. Beringi isiyo na C3 katika injini ndogo ya pampu ya kupulizia dawa inaweza kujikaba yenyewe injini ikichemka.

Mwisho ni habari ya beringi za bandia. Zipo, na boksi lake ni zuri kuliko la halali. Alama na nembo huigwa, hata harufu ya mafuta yake. Mimi siwezi kuitambua kwa kuitazama tu, na sitamwamini anayesema anaweza. Ulinzi wetu ni kununua kwa wakala aliyetajwa na kiwanda chenyewe, kwa risiti yenye namba kamili ya beringi, na kuishuku bei iliyo nusu ya bei ya wengine. Kununua kwa pamoja kupitia Chama Kikuu kwaturahisishia hilo: wakala atakayekataa kumwandikia risiti mkulima mmoja hatakataa kuviandikia vyama vyote.

Nimeiomba Kamati iruhusu ghala la karakana kuweka kabla ya msimu beringi mbili za akiba kwa kila mashine ya kumenyea, za aina ya 6005-2RS kwa zile zitakazobadilishwa na 6204-2RS kwa zile ambazo bado hazijakatika. Makatibu watuletee orodha ya namba zilizomo katika mashine zao, wakizinakili kutoka ubavuni mwa beringi yenyewe kabla haijatupwa, pamoja na herufi zote zinazofuata namba. Iliyofutika, ipimwe tundu, nje na upana. Vipimo hivyo vitatu vyatutosha.

Beringi tatu nilizozitaja, 6204, 6005 na 61906, zipo juu ya meza karibu na mlango, pamoja na shafti mbili zilizokatika. Wanachama wazishike, wazipime mkononi, na watazame mistari ile ya mkato wakielekea dirishani penye mwanga. Fundi wa pili na fundi wa tatu wote wawili wapo pale, na kila mmoja yu tayari kuulizwa.